Alichovya machungwa kwenye maji ya maganda yakaoza zaidi: tuchambue kisa hiki mwanzo mwisho

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna mtu ana banda la kufungashia machungwa, matunda yanaingia asubuhi kutoka shambani, yanachambuliwa, mazuri yanapangwa kwenye makreti kusubiri mnunuzi, yale madogo na yenye makovu yanakamuliwa juisi pembeni hapohapo. Kwa hiyo banda lina shida mbili kwa wakati mmoja, kuna machungwa yanaoza kabla hayajamfikia mnunuzi na kuna mlima wa maganda ambao hajui aupeleke wapi, manake chungwa likishakamuliwa karibu nusu ya uzito wake inabaki ganda na makapi. Akasoma sehemu kwamba maganda ya matunda yana kemikali za asili zinazozuia ukungu, kwamba zinaweza hata kuchukua nafasi ya dawa za kiwandani, akaona hapa shida mbili zinaisha kwa mpigo mmoja. Akachemsha maganda, akachuja, akaacha yapoe, akamimina kwenye tenki, akaanza kuchovya machungwa yote mazuri humo kabla ya kuyapanga.

Yakaoza zaidi. Na sio kwa kukisia, kreti zilizochovywa zikifunguliwa zinakutwa na ukungu wa kijani wakati zile ambazo hazikupitia tenki zina afadhali.

Mwenye banda hana jina hapa kwa sababu kisa nimekijenga mwenyewe kwa ajili ya uchambuzi, ila kila kinachotokea ndani yake kina maelezo yake kwenye sayansi ya matunda baada ya kuvunwa, na ndo maana nimekichagua, kinafundisha kuliko zile habari za "fulani alipaka dawa ya ganda matunda yakadumu". Ukimsimulia mtu kisa hiki utapata majibu ya aina mbili, mmoja atakwambia maji yalikuwa mepesi aongeze maganda, mwingine atasema haya mambo ya asili ni porojo tu anunue dawa. Kwangu wote wawili wamekosea, kwa sababu wote wanajadili nguvu ya ganda na hakuna aliyeuliza hayo machungwa yanaozeshwa na nani na huyo anaingilia wapi.

Tuanze na huyo. Ukungu wa kijani wa machungwa unaletwa na fangasi anaitwa Penicillium digitatum, na ana tabia moja ambayo ukiijua nusu ya kisa imeshaeleweka: hawezi kutoboa ganda zima. Anasubiri kidonda. Kinaweza kuwa kidonda cha ukucha wa mvunaji, cha mwiba, au cha kikonyo kilichoachwa kirefu kikamchoma mwenzake ndani ya kreti, chochote tu kinachofungua njia. Akishapata kidonda anahitaji kama siku moja au mbili kujikita, na baada ya hapo ukipaka dawa juu ya ganda unafunga mlango na mwizi yumo ndani. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25 doa laini lenye majimaji linaonekana kama siku ya tatu au ya nne, linafuata utando mweupe, halafu katikati panageuka kijani cha zeituni. Ile poda ya kijani ndo spora, mbegu zake, na chungwa moja lililooza linaweza kutoa bilioni moja mpaka mbili. Bilioni! Ukiliokota chungwa la hivyo na kulirusha kwenye pipa lililopo katikati ya banda umeshayapulizia mengine yote.

Sio kila kuoza ni huyu lakini. Yupo ndugu yake wa buluu, Penicillium italicum, ambaye yeye anaambukiza chungwa hadi chungwa kwa kugusana tu, ukikuta kundi la machungwa yameoza yameshikana kwenye kona moja ya kreti mshuku huyo, na kwenye baridi anavumilia kuliko wa kijani. Kuna kuoza kunakoanzia kwenye kikonyo, huko maambukizi yanakuwa yametoka nalo shambani. Kuna kuoza kwa majimaji yenye harufu ya uchachu, kunakovuta vijidudu vya matunda, huyo ni mwingine kabisa na dawa nyingi za ukungu wa kijani hazimwezi. Mwenye banda hakuwahi kuyatenganisha haya, kwake kuoza ni kuoza, na hapo ndo kosa la kwanza lilipo hata kabla hajabandika sufuria jikoni. Kwenye kreti zake karibu yote ni ya kijani, yanaanzia ubavuni mwa tunda na sio kwenye kikonyo, jirani anayegusana nalo mara nyingi mzima. Maana yake ni vidonda. Vidonda vya kuvunia na vya kubebea.

Sasa tuje kwenye ganda lenyewe, hapa ndo panaponoga. Ngozi ya nje ya chungwa, ile yenye rangi, ina vifuko vidogo vya mafuta, na mafuta hayo zaidi ya asilimia 90 ni limonini (limonene kwa Kiingereza), ndo inayoleta ile harufu ya chungwa. Limonini inasumbua bakteria wengi na fangasi wengi, ndo sababu kila anayeandika habari za ganda la chungwa anaisifia. Lakini fikiria kidogo, huyu Penicillium digitatum maisha yake yote anakula ganda la chungwa na jamaa zake, malimau, madalanzi, hana chakula kingine cha maana. Kwanini aogope harufu ya chakula chake? Haogopi, tena kinyume chake. Majaribio yameonyesha kwamba mvuke unaotoka kwenye ganda lililochubuka, limonini ikiwemo, unazisaidia mbegu zake kuota, kwake ni kama taarifa kwamba kuna kidonda karibu, wakati mvuke huohuo unamzuia Botrytis cinerea, yule wa ukungu wa kijivu kwenye zabibu na stroberi, na unamzuia Penicillium expansum wa matofaa. Kwa hiyo mtu akisema "ganda la chungwa linaua ukungu" mwulize ukungu gani, kwa sababu kati ya fangasi wote duniani mwenye banda alichagua kupambana na yule ambaye amezoea silaha hiyo toka zamani.

Na hata hiyo limonini kwenye tenki haikuwepo ya kutosha. Haiyeyuki kwenye maji, ukichemsha inapanda na mvuke, ile harufu tamu iliyojaa banda zima siku ya kupika ndo ilikuwa dawa yenyewe inaondoka. Vitu vingine vya ganda vyenye uwezo dhidi ya fangasi, kemikali za mimea zinazoitwa flavonoidi kama nobiletini na tanjeretini, vinapenda alkoholi na mafuta, maji yanavitoa kidogo sana. Hesperidini, flavonoidi nyingine ambayo iko kwa wingi, nayo kwenye maji ni ngumu kuyeyuka. Kilichoyeyuka vizuri ni sukari, pektini (ule ute unaogandisha jemu) na asidi kidogo. Yaani tuseme ukweli, alipika supu ya kulishia ukungu, akaipoza mpaka joto ambalo ukungu unalipenda, akaiweka kwenye tenki.

Mtu atasema basi angekamua mafuta yenyewe akayapaka. Hapana jamani. Mafuta ya ganda yakimwagikia ganda la chungwa lingine yanaunguza seli, panatokea madoa yaliyozama yenye rangi ya kahawia, wafungashaji wa machungwa wanalijua hili tatizo siku nyingi na ndo maana hawavuni yakiwa na umande au mara tu baada ya mvua, ganda likiwa limeshiba maji vile vifuko vinapasuka kirahisi. Unapaka dawa ya kuzuia doa, dawa inaleta doa.

Tenki nalo linastahili lawama yake, na mimi naona ndilo lenye lawama kubwa kuliko ganda. Machungwa yanatoka shambani na vumbi, udongo na spora, yanaingia kwenye maji yaleyale, kundi la kwanza, la pili, la kumi, na kila kundi linaacha mbegu zake humo, kwa hiyo kufika mchana unachovya vidonda vibichi kwenye maji yaliyojaa ukungu. Halafu kuna jambo la joto ambalo watu wengi hawalijui: tunda lililotoka juani likizamishwa kwenye maji ya baridi, hewa iliyomo ndani yake inasinyaa na kuvuta maji kuingia ndani kupitia kidonda au kovu la kikonyo, na maji yanaingia na kila kilichomo. Ndo maana kwenye nyanya, maembe na matunda mengine ushauri wa kawaida ni maji ya kuoshea yawe na joto kidogo kuliko tunda, kama nyuzi 5 hivi zaidi. Baada ya hapo mwenye banda aliyapanga machungwa yakiwa bado yamelowa, kwa sababu aliona ule ute wa pektini kama "kinga", akayafunga. Unyevu, sukari, joto, kidonda, spora. Kilikosekana nini?

Kuna mjanja mmoja humo bandani akashauri wamwage klorini kwenye tenki hilohilo la maganda ili kuua spora. Inaonekana ni akili, ila klorini inaliwa na uchafu wa asili, sukari na polifenoli (kundi la kemikali za mimea, zile flavonoidi zikiwemo) zinaimaliza kabla haijagusa spora hata moja, na polifenoli nazo zinaharibika humohumo. Umepoteza vyote viwili. Klorini inafanya kazi kwenye maji masafi, kiwango cha miligramu 100 hadi 200 kwa lita, pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ikishikiliwa karibu na 7, na hata hivyo kazi yake ni kuua mbegu zilizoko majini ili zisihame, kidonda kilichokwisha kuambukizwa haikiponyi.

Jaribio ambalo lilitakiwa kufanyika kabla ya kuchovya mzigo mzima wala sio la gharama. Chukua machungwa ya mti mmoja siku moja, yagawe makundi manne kwa kubahatisha: la kwanza halichovywi kabisa, la pili linachovywa kwenye maji matupu masafi, la tatu kwenye maji yenye kile kilichotumika kukamulia dawa (kama ulitumia alkoholi basi alkoholi kidogo kwa kiwango kilekile kilichobaki), la nne kwenye dawa yenyewe. Yote yakaushwe sawasawa, yawekwe sehemu moja, na mtu ahesabu yaliyooza kila siku bila kujua kreti ipi ni ya kundi gani. Wenye maabara wanaenda mbele zaidi, wanatoboa kidonda cha kipimo kimoja, mara nyingi milimita 1 upana na 2 kina, wanadondoshea spora zilizohesabiwa, kama milioni moja kwa mililita, wanayaweka kwenye nyuzi 20 na kuangalia. Watu wanaruka kundi la maji matupu, ndo la kwanza kurukwa, na ndo lenye siri yote. Katika kisa hiki jaribio lilipokuja kufanyika baadaye, kundi la maji lilioza kuliko lisilochovywa, maana yake kuchovya kwenyewe kuna madhara hata kabla ya kuongelea ganda, na kundi la maganda likaoza kuliko la maji, maana yake supu nayo imechangia. Vitu viwili tofauti vyenye dawa mbili tofauti, bila kundi la maji ungebaki kubishana tu.

Basi maganda yote hayafai? Hapa ndo wale wa "porojo" nawaacha. Upande wa juisi wa hilo banda huwa wanakamua na makomamanga, na ganda la komamanga ni habari nyingine kabisa. Ganda hilo ni kama asilimia 40 hadi 50 ya uzito wa tunda na limejaa tanini, hasa punikalajini, pamoja na asidi ya elaji, ndo zinazofanya ulimi ukunjane ukilitafuna. Watafiti wa Italia wamelifanyia kazi kwa miaka sasa, wamelijaribu kwa ukungu wa machungwa na malimau, kwa matofaa na kwa cheri, na limeonyesha kuzuia kuoza vizuri, kwa nguvu ambazo kiwango cha juu kilikuwa kama gramu 12 za ekstrakti, yaani dawa iliyokamuliwa kwenye ganda, kwa lita moja. Kilichonivutia mimi sio kuua spora peke yake, walikuta pia kwamba ganda la chungwa lililopakwa linaamsha kinga zake lenyewe, jeni za ulinzi zinaanza kufanya kazi, yaani tunda linashiriki kujitetea. Na ukiangalia mantiki ni ileile tuliyoianza nayo: huyu wa kijani hakukulia kwenye komamanga, hajalizoea.

Ila linavyotengenezwa sio kuchemsha. Ganda bichi na safi linakatwa vipande, linakaushwa kwenye joto lisilozidi nyuzi 50, linasagwa, unga unalowekwa kwenye mchanganyiko wa ethanoli na maji, mara nyingi ethanoli asilimia 70, sehemu moja ya unga kwa kumi ya kimiminika, linakorogwa masaa kadhaa gizani, linachujwa, alkoholi inavukizwa taratibu bila moto wa wazi (mvuke wa ethanoli unawaka, sio utani, hii ni kazi ya sehemu yenye hewa na vifaa vyake) na kinachobaki kinakaushwa kuwa unga au kinatunzwa kwenye baridi. Ukiona maelezo yanasema methanoli usiige, maabara wanaipenda kwa sababu inatoa polifenoli vizuri kwa ajili ya kupima, lakini ni sumu na haina nafasi kwenye kitu cha kuliwa. Vyombo viwe vya plastiki ya chakula au chuma kisichoshika kutu, tanini ikikutana na chuma cha kawaida inatoa weusi wa wino, hilo sio la kukisia, wino wa zamani ulitengenezwa hivyohivyo. Na ganda lenye ukungu lisiingie kabisa kwa hoja ya kwamba "si tunakamua dawa tu", baadhi ya ukungu unaacha sumu ndani, kwa mfano patulini inayotoka kwa yule Penicillium expansum wa matofaa, ambayo Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, wameiwekea kikomo cha mikrogramu 50 kwa kilo kwenye juisi ya tofaa.

Mwenye banda akapeleka sampuli ya ekstrakti yake ya komamanga maabara wakamfanyia ile ya sahani, agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) ina ukungu, katikati kikaratasi kilicholoweshwa dawa, pembeni yake panabaki duara safi ambalo ukungu haukukaribia. Picha nzuri sana. Watu wanaziweka mtandaoni na maneno makubwa, na mimi siku hizi nikiiona hiyo picha peke yake nasubiri ya pili. Kwenye sahani dawa imekaa inagusana na ukungu muda wote, kwenye tunda inatakiwa ishuke kwenye kidonda chenye majimaji, tanini inashikana na protini zilizomo humo na nguvu inapungua, uso wa chungwa una nta kwa hiyo matone yanajikusanya na kudondoka, na pengine spora imeshaota jana. Kinachofanya kazi kwenye sahani mara nyingi kinahitaji kiwango kikubwa zaidi kwenye tunda, na kiwango kikipanda rangi inaonekana na uchungu unaanza kusikika kwa anayemenya kwa mdomo. Kwenye chungwa rangi ya kahawia nyepesi inavumilika. Kwenye tunda jeupe lililokatwa ni balaa.

Halafu kuna jambo ambalo laiti lingetokea kwenye kisa hiki lingemdanganya mwenye banda vibaya. Sehemu ya machungwa anayokamua ananunua kwa watu wengine, na machungwa ya biashara mara nyingi yameshapakwa nta yenye imazalili au thiabendazoli baada ya kuvunwa, dawa zilizotengenezwa mahsusi kwa ukungu huuhuu wa kijani, na mabaki yake yanakaa kwenye ganda zaidi kuliko kwenye nyama ya tunda. Sasa chukua maganda hayo, yaloweke kwenye ethanoli, kusanya, kaza. Umepata "dawa ya asili" yenye nguvu ya ajabu ambayo kumbe ni imazalili ya mtu mwingine kwa chupa mpya. Jaribio litafaulu, picha ya sahani itapendeza, na tunda litapita kikomo cha mabaki bila wewe kujua.

Hili sio la kufikirika tu. Ekstrakti ya mbegu za balungi iliuzwa sana kama kiua vijidudu cha asili, mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani wakachukua 6 zilizokuwa sokoni wakazipima, 5 zilikuwa na nguvu kubwa ya kuzuia vijidudu, na hizo 5 zote zikakutwa na benzethoniamu kloridi, kihifadhi cha kiwandani, 3 kati yake na triklosani pia, kiua vijidudu kingine cha kiwandani. Ile moja isiyokuwa na kihifadhi haikuzuia chochote. Kwa hiyo ukiona dawa ya ganda inafanya kazi kupita matarajio, kabla ya kushangilia peleka ipimwe mabaki. Na maganda ya kutengenezea dawa yatoke kwenye matunda ambayo historia yake unaijua mwenyewe.

Tuongelee na kile ambacho ekstrakti haifanyi, kwa kifupi maana wengi wanaitwika mizigo isiyo yake. Haizuii tunda kupumua wala kupoteza maji. Tunda linanyauka kwa sababu maji yanatoka kupitia ganda, na hilo linazuiwa na baridi, unyevu wa hewa na tabaka la juu kama nta au kitosani (kitu kinachotengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa). Wanaojua wanachanganya, ekstrakti ndani ya tabaka la kitosani au la pektini, tabaka linashikilia dawa isidondoke na linapunguza maji kutoka. Hata kampuni maarufu ya Apeel ya Marekani, iliyoanzishwa 2012, tabaka lake ni monogliseridi na digliseridi, aina za mafuta zinazopunguza maji kutoka na hewa kuingia, halidai kuua ukungu. Ni kazi mbili tofauti. Na wenye maembe wawe waangalifu zaidi, ganda la embe lina polifenoli nzuri sana kama manjiferini lakini lina pia kemikali za jamii ya utomvu wake zinazowasha na kuvimbisha ngozi ya baadhi ya watu, kulipaka kwenye tunda lingine ni kumwekea mtu mzio asioutarajia.

Wanaokata matunda na kuyafunga tayari kwa kuliwa ndo nawaomba wawe waoga kidogo. Ukizuia ukungu unaoonekana bila kuzuia bakteria asiyeonekana, tunda linakaa zuri machoni muda mrefu zaidi na Listeria anapata muda mrefu zaidi wa kuongezeka, huyo anakua hata ndani ya friji. Mwaka 2011 Marekani matikiti ya kantalupu yalisababisha vifo vya watu 33 kwa Listeria, na wachunguzi waliporudi nyuma walikuta banda la kufungashia lenye maji yaliyotuama sakafuni, mashine ngumu kusafisha, na matunda yanaingizwa chumba cha baridi bila kupozwa kwanza. Hakuna ganda la tunda lolote ambalo lingeokoa banda la hivyo.

Turudi kwa mwenye banda wetu, afanye nini? Mimi ningeanza mbali na maganda. Wavunaji wakate kucha au wavae glavu, kikonyo kikatwe kifupi kwa mkasi, kreti zenye misumari zitupwe, chungwa lililooza lifungwe kwenye mfuko papo hapo lilipo ndipo litolewe nje. Hapo peke yake ameshapunguza vidonda na spora, yaani vitu vyote viwili ambavyo huyu fangasi anavihitaji. Kama lazima kuosha, maji masafi yenye klorini na yabadilishwe. Kama anataka kitu rahisi cha kuzuia ukungu wa kijani bila dawa kali, bekingi soda ya asilimia 3 kwenye maji ya vuguvugu ina historia ndefu kwenye machungwa, matunda yanazama dakika mbili tatu hivi yanasuuzwa yanakaushwa na feni. Haina habari ya kupendeza ya "tumegeuza taka kuwa dawa", najua, lakini ni ya bei nafuu, inaeleweka na haibadiliki nguvu kila msimu kama ganda linavyobadilika. Kisha baridi, kwa machungwa nyuzi 3 hadi 8 kutegemea aina.

Ekstrakti ya komamanga naiona ikiingia baada ya hapo, ikiwa hapo bado kuna kuoza kunakobaki na mnunuzi anayetaka matunda yasiyopakwa dawa za kiwandani. Ipuliziwe kwenye matunda yaliyokwisha kauka badala ya kuchovya, ili kila tunda lipate dawa mpya isiyobeba uchafu wa mwenzake, na ipuliziwe mapema, siku ileile ya kuvuna, kabla ule muda wa siku moja au mbili haujapita. Kila pipa la ekstrakti lipimwe jumla ya polifenoli na lijaribiwe kwenye machungwa machache kabla ya kwenda kwenye mzigo. Ni kazi. Na gharama kubwa iko kwenye ethanoli na umeme wa kuirudisha, ganda ni la bure ila dawa sio ya bure.

Kabla ya kuuza aulize mamlaka ya chakula ya nchi yake. Watu wanadhani kitu kikitoka kwenye tunda basi hakihitaji ruhusa, ila ukishakiweka kwa kusudi la kuhifadhi kinaweza kuhesabiwa kama kiongezi cha chakula. Ekstrakti ya rozimari, majani ya jikoni kabisa yale, Umoja wa Ulaya waliipitisha mwaka 2010 kwa namba yake E 392 na viwango vyake vya matumizi, haikupita kwa sababu tu ni ya asili. Ganda la komamanga kama kihifadhi cha kupaka kwenye tunda bichi lazima mtu ajue linasimama wapi kisheria, na mnunuzi naye aambiwe kimepakwa nini.

Yabaki maganda ya chungwa, ule mlima. Yakiwa mabichi yanaweza kukamuliwa mafuta kwa baridi, na mafuta hayo yana kazi kwa mwenye matofaa au zabibu ambaye adui yake ni mwingine, sio yule wa kijani. Yaliyobaki yanatoa pektini kwenye maji ya moto yenye asidi, na mwenye banda ambaye kiwanda hicho hana anaweza kuyakausha kuwa chakula cha ng'ombe au kuyaozesha kuwa mboji, mbali na banda, upande ambao upepo hautokei kuja kwenye makreti.